Shangazi, wananipigia makofi kabla sijaimba

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamke wa miaka 33, mzaliwa wa Mombasa. Huu ni mwaka wangu wa tano nikifundisha Kiingereza katika shule moja ya binafsi huku Khon Kaen, kaskazini mashariki mwa Thailand, eneo wanaloliita Isan. Sikuja kwa ajili ya muziki. Nilianza kuusikia kwenye redio za magari ya abiria: luk thung, maana yake "mtoto wa mashambani". Mtu ameacha mpunga kwao, anafanya kibarua Bangkok, anamwimbia aliyebaki. Kutoka hapo nikauendea mzizi wake wa huku, mo lam, unaoimbwa kwa Kiisan, ambacho ni Kilao hasa, ukisindikizwa na khaen, ile ala ya mianzi ya kupuliza.

Kwa miaka mitatu nimekuwa nikijifunza kwa Mae Khru, yaani mama mwalimu, bibi wa miaka 71 ambaye ujanani alikesha akiimba lam klon: mwanamume mmoja, mwanamke mmoja, mpiga khaen mmoja, wakijibizana kwa mashairi hadi alfajiri. Naenda kwake kila Jumamosi, saa tatu bila kupumzika. Nimehifadhi klon, yaani mashairi ya lam, nne za thang san, mtindo wa haraka, mbili za thang yao, mtindo wa polepole, na vipande sita vya toei, nyimbo za uchumba. Kithai nakisoma kwa tabu, kwa hiyo nayaandika maneno kwa herufi zetu na kuweka vialama vyangu juu. Sauti kama ng' ya mwanzo wa neno hazinisumbui, na p yenye pumzi na isiyo na pumzi sisi wa Mombasa tumezaliwa nazo. Paa wa mwituni hatumtamki kama paa la nyumba. Kinachonimaliza ni toni, kule kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadili maana ya neno. Mwaka jana kwenye harusi niliimba luk thung moja, na "mpenzi yuko mbali" ikatoka "mpenzi yuko karibu", maana klai ya kunyooka ni mbali na klai ya kushuka ni karibu. Wazee walicheka, kisha wakanipigia makofi kuliko mwanzo.

Hapo ndipo penye kidonda. Nikifungua mdomo tu, kabla ya mstari wa kwanza kwisha, makofi, simu juu, na makoja ya noti za baht 20 shingoni. Sijui kama naimba vizuri na sina wa kuniambia.

Sasa kundi moja kubwa la mo lam limenialika msimu ujao. Dakika 12 kila usiku: luk thung mbili na toei moja, kwa baht 1,500. Wanataka niingie kwa mlio wa ngoma, nimevaa vazi la chui, halafu wachekeshaji wanikimbie kana kwamba mimi ni simba. Nilipouliza kama naweza kuvaa pha sin, ile sketi ndefu ya huku, ya hariri kama waimbaji wengine, meneja alisema, "Wenye pha sin tunao tele."

Nilimweleza Mae Khru. Alifinyanga tonge la wali wa kunata, akachovya, akatafuna, akasema, "Laeo tae." Shauri yako. Hakuongeza neno. Tangu siku hiyo nalala vibaya. Naona kama amenitupa, kwamba ameona mapenzi yangu kwa lam yalikuwa tamaa ya kushangiliwa tu. Shuleni bado sijasema kitu. Jibu linatakiwa baada ya wiki tatu.

Je, nikikubali nimejidhalilisha? Nikikataa, si nitakuwa nimeikimbia bahati yenyewe?

Mwanagenzi, Khon Kaen

Nyongeza: khaen yangu ya kufanyia mazoezi ina mrija uliokufa, wa tatu safu ya kushoto. Ukijua dawa yake, nisaidie.

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na naona umefunga mafundo matatu ukayaita moja. Kuna makofi usiyoyaamini, vazi usilolitaka, na neno moja la mwalimu wako. Nitaanza na la mwalimu, maana ndilo linalokukosesha usingizi.

Umelitafsiri laeo tae kuwa "shauri yako", na tafsiri hiyo si ya uongo. Lakini kwetu Pwani "shauri yako" huja na mgongo: mtu ameshakukanya, umekaidi, sasa ananawa mikono. Laeo tae haina lazima ya kubeba ukali huo. Kwa Wathai ni jibu la kila siku, la mtu unayemuuliza ale nini au apite njia gani. Huenda ni ruhusa. Huenda pia ni "hapana" iliyofungwa kwa heshima, kwa sababu huko mtu hujizuia sana asimbebeshe mwenzake mzigo wa kauli yake. Wenyewe huita kreng jai. Au bibi anangoja aone wewe una akili gani kabla hajatoa yake. Kwa neno moja na tonge la wali, hakuna mtu, hata mimi, anayeweza kukwambia ni lipi. Ila umeisikia Kiisan kwa sikio la Mombasa, na hukumu uliyosikia humo inawezekana umeitia wewe mwenyewe.

Tena, ulimuuliza nini hasa? Kwa barua yako, ulimweleza tu. Swali la "niende nisiende" ni zito kwa mwalimu kulijibu, kwani akikosea amekuharibia maisha. Swali la "klon gani kati ya sita niko tayari kuiimba mbele ya watu wanaoijua?" ni la kazi yake. Mtu aliyekesha majukwaani tangu ujana analo jibu lake, na pengine litatoka kabla hujamaliza kuuliza.

Sasa makofi. Unayachukulia kama alama za mtihani, halafu unalalamika kwamba mtihani wenyewe ni wa uongo. Wewe ni mtoto wa Pwani, umeona watu wanavyotunza kwenye taarab. Anayesimama na noti mkononi hakusimama kwa sababu sauti imepanda sawasawa. Mara nyingi ni mstari uliomgusa, au uliomgusa jirani yake. Koja la noti ni la namna hiyo hiyo. Ni salamu, ni furaha, ni kuonekana na wenzake akitoa. Mtoaji hakukusudia kukusahihisha. Ukitaka kujua kama unaimba, itakubidi utafute kipimo kisichoona uso wako.

Kipo. Jirekodi kwa simu ukiimba mistari 12 ya thang san, bila video, bila jina. Mpe mwalimu mwenzako aliyezaliwa Isan awapelekee watu watatu wa kijijini kwao, watu wazima, na asiwaulize kama ni nzuri. Awaombe waandike maneno wanayoyasikia. Kisha kaa na karatasi zao. Neno walilokosea wote watatu ni lako, toni umeivunja. Neno alilokosea mmoja, achana nalo. Kipimo cha pili kiko kwa mpiga khaen: mwombe apige mwendo mmoja bila kukungoja. Wapiga khaen ni watu wema, humfuata mwanagenzi anapochelewa, nawe unadhani umeenda sawa. Akiacha kukungoja utajua mwenyewe ulipobaki nyuma.

Hapo nitakugombeza kidogo kuhusu daftari lako. Kwenye luk thung sauti ya wimbo imeshatungwa, na mwimbaji huipinda mwanzo wa neno ili toni isikike. Kwenye lam hakuna sauti iliyotungwa tayari kwa kila mstari. Mwimbaji ana ngazi ya noti tano, na toni za maneno ndizo zinazomwambia apande au ashuke. Kwa hiyo ukikosea toni hukukosea matamshi peke yake. Umeimba wimbo mwingine. Herufi zetu hazina toni wala hazitofautishi vizuri irabu fupi na ndefu, na vialama vyako unaviweka kwa sikio lile lile linalokosea. Hata maandishi ya Kithai, yenye konsonanti 44 katika makundi matatu na alama zake, hayatakuokoa yote, kwa sababu Mwisan husoma herufi hizo hizo kwa toni za kwao.

Rudi kwenye sikio. Pumpuang Duangjan, aliyefariki 1992 akiwa na miaka 30 na ambaye hadi leo huitwa malkia wa luk thung, hakujua kusoma. Nyimbo alizikariri kwa kusikiliza. Chukua mstari mmoja wa Mae Khru uliorekodiwa. Uvumishe ukiwa umefunga mdomo, bila neno hata moja, mara kumi, mpaka mvumo wako na wake visitengane. Ndipo uweke maneno. Ukianza na maneno, ulimi utakwenda kwenye mkazo wa Kiswahili, silabi ya pili kutoka mwisho, wakati huko uzito unaangukia mwisho wa kifungu. Na chunga miisho ya k, p na t: inafungwa kooni, midomoni au nyuma ya meno bila kuachiwa. Hak, mapenzi kwa Kiisan, ulimi wetu unapenda kuiongezea irabu, ukashtukia unamwimbia mtu haki zake.

Nakuja kwenye vazi la chui.

Hapa sitajifanya sioni. Lakini fahamu unaingia nyumba ya nani. Muziki huu wenyewe umedharauliwa muda mrefu. Mnamo 1865 Mfalme Mongkut alitoa tangazo la kuupiga marufuku, kwa hofu kwamba nyimbo za Kilao zinafunika zile za Kithai. Jina luk thung lilienea kutokana na kipindi cha televisheni cha 1964, na kwa miaka mingi watu wa mjini waliuona muziki wa washamba. Watu wa Isan hadi leo wanachekwa Bangkok kwa lafudhi, kwa wali wa kunata, kwa weusi wa ngozi. Wachekeshaji wa mo lam wanaijua dhihaka hiyo kwa sababu wao ndio huchekwa kwanza, na jukwaani humcheka kila mtu, mnene, mwembamba, mlevi, mtawa mtoro, na wao wenyewe. Kwa hiyo kuchekwa peke yake si lazima kuwe kukutoa kundini. Wakati mwingine ndiko kukuingiza.

Ila kuna kuchekwa kwa neno ulilolikosea, na kuna kuchekwa kwa mnyama uliyevishwa. La harusini walikucheka mwimbaji. La chui hawangojei hata uimbe. Mipaka yako unaijua wewe, na sikuoni kuwa mtu wa makuu kwa kuiweka. Labda jiulize kama kinachokukera ni kuonyeshwa kwamba umetoka Afrika, au ni Afrika ile waliyoitunga wao. Meneja anataka watu wakuone tofauti na wenye pha sin. Je, leso mbili na kilemba cha kwenu zingekukera? Kama hazikukeri, una kitu cha kumpelekea zaidi ya "sitaki". Mwimbaji mwenye leso anaimba toei ya Isan: hilo nalo ni kivutio, na pesa yake haipungui.

Mpelekee mapema. Makundi makubwa hufanya mazoezi na kushona mavazi mapya wakati wa Phansa, ile miezi mitatu ya mvua ambayo maonyesho husimama, kisha msimu hufunguka Phansa ikiisha, yapata Oktoba. Vazi likishakatwa kitambaa, mazungumzo yamekwisha. Omba pia kuona igizo la wachekeshaji likiwa limeandikwa, na umjue msemaji atakayekutambulisha na maneno atakayotumia, kwani sentensi yake moja kabla hujatoka inaweza kukuvisha chui hata kama umevaa hariri. Uliza makoja ni ya nani, yako au ya kundi. Uliza mvua ikivunja onyesho unalipwa nini. Na toei utaimba na nani? Toei ni ya kujibizana, ya uchumba. Ukipewa mwenzio mwimbaji hodari atakubeba, ukipewa mchekeshaji utakuwa mzigo wa mzaha wake.

Yako mambo ambayo hayajali kama unaipenda lam au huipendi. Kibali chako cha kazi ni cha ualimu. Mgeni akikamatwa anafanya kazi nje ya kibali, faini ni kati ya baht 5,000 na 50,000 na anaweza kurudishwa kwao. Usidanganyike kwamba dakika 12 si kazi. Mwenye makoja ya noti shingoni na mkataba mfukoni atapata taabu kueleza kwamba alikuwa anacheza tu. Nenda ofisi ya ajira ya mkoa, uulize kundi linatakiwa likuandikishe vipi, na viza yako, iliyofungwa na shule, itaathirika namna gani. Fanya hivyo kabla ya kusaini.

Na shule yenyewe. Onyesho la kundi kubwa huanza yapata saa tatu usiku na kwisha alfajiri kwa toei ya kuagana. Muhula wa pili huanza Novemba na kwenda hadi Machi, katikati kabisa ya msimu. Saa mbili kamili asubuhi unatakiwa umesimama mbele ya bendera na wanafunzi wako. Kwa usiku mmoja utaweza. Kwa siku tano mfululizo, na safari ya basi kutoka Ubon au Nakhon Phanom, sauti itakatika kabla ya mwili, na sauti iliyokatika huanza kukosa noti za juu, kwa hiyo toni zako za kupanda ndizo zitakazokufa kwanza. Kama kundi litakubali Ijumaa na Jumamosi peke yake, hesabu inabadilika. Maonyesho mengi pia hurushwa mtandaoni papo hapo, kwa hiyo wazazi watakuona. Mkuu wa shule ni heri alisikie kwako.

Iko njia nyingine hukuitaja. Vijijini kwenye sherehe za mahekalu, kama Bun Phawet, mara nyingi Machi, au Bun Bang Fai ya maroketi Mei, bado wako watu wanaopenda lam klon ya zamani, khaen moja na kipaza sauti kimoja. Pesa yake ni ndogo au hakuna, na suala la kibali linabaki pale pale. Hakuna taa, hakuna wanenguaji wa kukuficha. Ukiteleza kwenye thang yao, ile ya polepole ya huzuni na kuagana, vikongwe walioketi mkekani mita mbili mbele yako watajua. Kwa mtu anayelalamika hana wa kumwambia ukweli, hilo ni jambo la kufikiria, ingawa nakubali linatisha kuliko uwanja wa watu elfu.

Kusubiri msimu mmoja nako kuna gharama. Mae Khru ana miaka 71, na makundi hubadili mtindo kila mwaka. Mwaka ujao kivutio kinaweza kuwa kingine. Kwenda kuna gharama unazozijua. Wazungu wawili, Jonas Anderson wa Uswidi na Christy Gibson mzaliwa wa Uholanzi, wamejipatia jina kwa luk thung, na bila shaka watu walianza kwa kuwashangaa. Ila wote wawili walifika Thailand wakiwa watoto, lugha ikawaingia kabla ya jukwaa. Wewe umekuja mtu mzima, umeanza na lugha na jukwaa kwa pamoja. Sikukatishi tamaa. Nakwambia tu usijipime kwa kamba yao.

Kuhusu tamaa ya kushangiliwa, mwanangu, sijui mwimbaji asiyekuwa nayo. Miaka mitatu ya Jumamosi, saa tatu kila moja, kwa klon sita ambazo nyingi hukuziimba mbele ya mtu: hayo hayana makofi ndani yake. Uyaweke nayo kwenye mizani unapojihukumu usiku.

Ukienda kwa Mae Khru, chagua Alhamisi, siku ya walimu huko. Chukua jozi tano za mishumaa na maua, kama ulivyofanya ulipoanza, nadhani. Wao huita khan ha. Mpe kwanza, uliza lile swali la klon, na akinyamaza mwache anyamaze.

Haya, mrija wako. Khaen yako bila shaka ni ya mirija 16, nane kila safu, na kila mmoja una ulimi mwembamba wa metali ndani ya ile kombe ya mti wanayoiita tao. Usiuoshe na usipitishe waya. Ziba tundu la kidole la mrija huo, kisha vuta pumzi polepole, halafu puliza polepole. Ukilia kwa kuvuta na usilie kwa kupuliza, ulimi umepinda, na kazi hiyo ni ya fundi. Usipolia kabisa huku ukisikia upepo unavuja, tazama ile nta nyeusi, khisut, inayoziba mirija ilipoingia kwenye tao. Hupasuka mtu akiiacha khaen kwenye chumba cha kiyoyozi au kwenye gari lililoanikwa juani. Ipashe moto kipande kidogo kwa vidole mpaka kilainike, ukikandamize kwenye ufa, uiache usiku kucha. Usipolia na hakuna uvujaji, mara nyingi ni mate yaliyokauka kwenye ulimi. Pumua ndani yake kwa pumzi ya joto dakika mbili tatu, bila nguvu, uone kama utaamka. Kagua pia kama kuna unga mweupe kwenye mianzi. Ukiuona, ni fukuzi, nao hawaishii mrija mmoja.

Shangazi